Mpwa wangu, usiipambe ile kona

Mpwa wangu,

Mwalimu wenu amewataka mchague mahali ambapo watu hupita kila siku bila kupatazama, kisha msimike hapo kazi ya sanaa. Wewe umechagua chini ya ngazi, kwenye ile kona ya ndoo na mifagio. Umechagua vizuri. Mchoro ulionitumia ndio sikuupenda, na nakujibu hadharani kwa sababu najua wenzako nao wanahangaika na kazi hiyohiyo.

Vipepeo wa karatasi, mamia kwa mamia, wananing'inia kwenye nyuzi. Wanapendeza, sikatai. Lakini ukiwahamishia ukumbini au kwenye dirisha la duka la nguo, watapendeza vilevile. Hawana habari yoyote na ile kona. Kazi inayoweza kuhama bila kupoteza kitu ni pambo tu, hata ukiikeshea wiki nzima.

Mtazame Rachel Whiteread, mchongaji wa Uingereza. Mwaka 1995 alitengeneza vipande 100 vya utomvu wa kiwandani (resini), vya rangi rangi na vyenye kupenyeza mwanga, kila kimoja kikiwa na umbo la uwazi ulio chini ya kiti. Miaka ya 1960 Bruce Nauman, msanii wa Marekani, alikuwa ameshafanya jambo kama hilo kwa zege, chini ya kiti kimoja. Hawakuleta kitu kigeni pale chini. Walichukua kilichokuwapo, yaani ule uwazi wenyewe, wakaupa uzito. Na wewe una uwazi wa pembetatu unaozidi kubanana kadiri mtu anavyosogea ndani, umekaa tu unakusubiri!

Au msikilize Max Neuhaus, Mmarekani aliyefanya sanaa kwa sauti. Mwaka 1977 aliweka mtambo wa sauti chini ya wavu wa chuma wa kupitishia hewa pale Times Square, New York. Mlio mzito ukawa unapanda kutoka ardhini usiku na mchana, bila kibao wala jina lake. Ulizimwa mwaka 1992, ukarudishwa mwaka 2002. Wengi hupita juu yake wakidhani ni mitambo ya treni za chini ya ardhi. Wanaosimama huwa wameugundua wenyewe, na hapo ndipo raha yake ilipo. Kwa hiyo hata wewe, maelezo yako ya kurasa mbili yabandike mbali, au usiyabandike kabisa.

Sasa nenda ukakae pale. Asubuhi, mchana, jioni. Sikiliza nyayo zikipita juu ya kichwa chako. Anayekimbia na anayejikokota hawafanani hata kidogo. Angalia mwanga unapenya wapi kati ya vidato, na mistari yake inasogea hadi wapi. Ungeweza kuifuatisha kwa chaki kila saa, siku baada ya siku, hadi sakafu ijae. Sikupangii, lakini chaki ni rahisi na hufutika kwa maji.

Halafu zungumza na msafishaji. Ninyi mnasema kona hiyo imesahaulika. Yeye huinama hapo kila siku, na anajua unyevu unatokea wapi na nani hujificha pale kupiga simu. Muulize ndoo zake zitakaa wapi kazi yako ikiwapo. Usipokuwa na jibu, huna kazi bado.

Mengine ni ya kawaida. Moto ukizuka, ngazi ndiyo njia ya kutorokea, kwa hiyo rundo la karatasi litakataliwa, na watakaolikataa watakuwa na haki. Uzi usioonekana ukiwa usawa wa shingo ni mtego, si sanaa. Gundi ijaribu kwanza mahali pa siri uone kama inabandua rangi ya ukuta. Omba ruhusa kwa maandishi, taja na tarehe ya kuondoa, na upige picha za kona ilivyo kabla hujagusa kitu, maana utakapoanza kusafisha "kidogo tu" nusu ya kazi yako itakuwa imeshatupwa jalalani.

Niandikie msafishaji amesema nini. Mchoro mpya nitauona baadaye.

Mjomba wako