Kwa nini dosie za nanoelektroniki zinarudi

Bwana Mhariri,

Vijana wa Politekniki hapa Lubumbashi wanaotaka kwenda Ulaya kusoma masta ya nanoelektroniki, yaani elektroniki ya vipande vidogo mno vya ndani ya chipu, huanza kwa kuuliza bursi iko wapi. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba dosie hukwama mapema kuliko hapo, tena kwa mambo ambayo mtu angeyatengeneza angali nyumbani.

Kwanza pointi. Kwetu asilimia 70 ni distinksio, na familia inafurahi. Ujerumani wanaipiga hesabu upya: wanatoa pointi zako kwenye 100, wanagawanya kwa 50 (yaani 100 kutoa 50 ya kufaulu), wanazidisha kwa 3, halafu wanaongeza 1. Mwenye 70 anapata 2.8, na kwao namba ndogo ndiyo bora. Programu inayodai 2.5 imekwisha kumfungia mlango, maana 2.5 ni asilimia 75 ya kwetu. Mwenye 65 anaangukia 3.1. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kulipa euro 75 za uni-assist, ofisi inayopokea maombi kwa niaba ya vyuo vingi vya huko. Fakilte ikitoa barua yenye muhuri inayosema mwanafunzi alikuwa wa ngapi kati ya wangapi katika promosio yake, barua hiyo haibadilishi hesabu, lakini kamati ya bursi inapata kitu cha kupima.

Neno lisansi nalo linaponza. Katika mfumo wa zamani, gradua miaka 3 na lisansi miaka 2 zilifanya miaka 5. Katika LMD, mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora, ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3 na kredi 180. Msomaji wa Dresden au Leuven akiona «lisansi» bila maelezo, hajui ni ipi kati ya hizo mbili. Andikeni mistari miwili tu ya kufafanua, muibandike mbele ya releve, yaani orodha ya pointi zenu.

Linalotuuma zaidi ni msingi wa fizikia. Mwanafunzi wa elektromekaniki amezoea mota, transfoma na laini za umeme mkubwa. Nanoelektroniki inadai fizikia ya kwantamu, fizikia ya mango (vitu vigumu) na nusu-vipitishi, yaani vitu kama silikoni. Hawaidai kwa maringo. Tabaka la oksidi, yaani kihami, chini ya geti ya transista (mlango unaoamua mkondo upite au usipite) lilipopunguzwa hadi nanometa 1.2 hivi, unene wa atomu chache tu, elektroni zilianza kulipenya kana kwamba halipo. Ndiyo sababu mwaka 2007 Intel ilianza kuuza chipu zenye oksidi ya hafni, ambayo inaweza kuwa nene zaidi bila kupunguza nguvu ya geti. Aliyefundishwa kwamba transista ni swichi tu hawezi kufuata somo hilo hata wiki ya kwanza.

Msingi huo unaweza kujengwa hapa hapa. Programu ya ngspice, inayoiga saketi kwenye kompyuta, ni ya bure, haihitaji intaneti ikishawekwa, na kompyuta ya kawaida inaiendesha kwa betri hata SNEL wakikata umeme. Chora mkondo wa transista dhidi ya volti ya geti, mkondo ukiwa kwenye skeli ya logi (kila hatua ni mara 10). Chini ya volti ya kizingiti, yaani volti ambayo transista huwaka, katika joto la kawaida la chumba, transista ya kawaida haiwezi kuzidisha mkondo mara 10 kwa chini ya milivolti 60 hivi. Wengi hukosea hapa: wanatumia modeli (fomula za kuigia transista) ya Level 1, ambayo chini ya kizingiti inatoa sifuri kabisa, kisha wanadhani transista yao haivujishi. Chukueni modeli za BSIM4, zinazohesabu mvujo huo, zilizomo katika SKY130, faili za wazi za teknolojia ya nanometa 130 ambazo Google na kiwanda cha chipu cha SkyWater walizitoa mwaka 2020. Faili ni kubwa. Zipakuliwe mara moja, zigawanywe kwa fleshi.

Katika barua ya motisha, acheni «napenda teknolojia tangu utoto». Mtu wa Katanga ana la kusema. Nyaya ndani ya chipu ni za shaba tangu miaka ya mwisho ya 1990, na shaba ikigusa silikoni inapenya na kuharibu transista, kwa hiyo inazungushiwa ukuta mwembamba wa tantali, madini ya koltani. Jemaniamu, iliyotumika katika transista ya kwanza mwaka 1947, imo katika terili yetu, ule mlima wa masalia ya kuyeyushia madini, na tangu 2024 kampuni ya STL inapeleka mkusanyiko wake kwa kampuni ya Umicore, Ubelgiji. Anayeandika hivyo, halafu akataja maabara anayoitaka na tatizo linaloshughulikiwa pale, atasomwa.

Majina yaangaliwe mapema. Jina, postnomu na prenomu zifuatane sawa katika pasipoti, diploma na releve. Herufi moja ikipishana, dosie inasimama.

Kwa visa ya Ujerumani asiye na bursi anatakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, anazopewa 992 kwa mwezi. Benki za katikati hukata ada njiani. Zikifika 11,880, cheti cha akaunti hiyo hakitoki. Tumeni na euro mia moja za ziada.

Ombi letu kwa mafakilte ni moja: chapisheni maelezo ya kila somo, sura kwa sura, pamoja na saa na kredi zake, kwa Kifaransa na Kiingereza. Releve inayosema «Elektroniki ya jumla, saa 60» haimwambii mtu wa Grenoble kama nusu-vipitishi vilifundishwa. Leo kila mwanafunzi anamfuata profesa mmoja mmoja kuomba karatasi hiyo, na tarehe ya mwisho inampita akiwa bado mlangoni.

Walimu wa elektroniki,
Lubumbashi