Spider-Man ya PlayStation: sifa zake ni za kweli, lakini soma hapa kabla hujatoa hela

Desemba iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwetu Mwenge akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanawe alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu maneno mawili na tarakimu moja: Spider Man 2. Mama akaiweka kaunta, akatuomba tumpe hiyo CD na tuifunge vizuri, maana kijana alikuwa amefaulu darasa la saba na aliahidiwa zawadi.

"Mama, nyumbani mna PS4 au PS5?"

Hakujua. Akatoa simu, akatafuta picha ya sebuleni iliyopigwa siku ya sikukuu, tukaikuza pamoja. Chini ya TV kulikuwa na PS4. Tukairudisha CD kabatini, kwa sababu Spider-Man 2 ilitengenezwa kwa PS5 na haichezi kwenye PS4 hata ufanyeje. Kijana angefungua zawadi yake, aitie kwenye mashine, na sikukuu yote ikaishia hapo.

Kisha mama akauliza swali ambalo tunaulizwa karibu kila wiki: "Na hiyo gemu yenyewe, mwanangu, inastahili hela yote hiyo au ni kelele za vijana tu?"

Tulimjibu siku ile, na leo tunalijibu kwa urefu, kwa sababu gemu hizi ziko tatu, watu wanazichanganya, na kila moja ina jibu lake.

Ya kwanza inaitwa Marvel's Spider-Man. Ilitoka tarehe 7 Septemba 2018 kwa PS4, na ndani ya siku 3 za mwanzo ziliuzwa nakala milioni 3.3. Walioitengeneza ni Insomniac Games wa Burbank, California, na mwaka uliofuata Sony waliinunua kampuni nzima kwa dola milioni 229. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Hii imelia tangu 2018, na bado ni moja ya CD ambazo zikiingia hapa dukani hazikai wiki.

Sababu kubwa ni kupembea. Huwezi kulielewa hilo kwa kutazama video kwenye simu, lazima ushike pedi. Unabana kitufe cha R2, Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, anarusha utando, na utando unanata kwenye jengo ambalo lipo kweli mbele yako. Ukiachia R2 wakati yuko chini kabisa ya bembea, anachomoka mbele kwa kasi. Ukichelewa kidogo, ukamwachia anapopanda, anarushwa juu hadi unaona mapaa ya Manhattan yote. Ukibana L2 na R2 kwa pamoja anajivuta moja kwa moja hadi kwenye ncha ya mnara au nguzo. Ukiingia Central Park majengo marefu yanaisha, inabidi ushike miti, unashuka karibu na nyasi, kasi inapungua, na unajikuta unatamani kurudi mjini. Hapo ndipo unapotambua kwamba waliotengeneza waliufikiria mji kama mtu anayeutumia, hawakuuchora tu kama picha ya nyuma.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wateja wengi hawakigundui hadi tuwaambie. Mwigizaji wa sauti ya Peter, Yuri Lowenthal, alirekodi mazungumzo mengi mara mbili: mara moja kama mtu aliyetulia, mara ya pili kama mtu anayehema. Peter akiwa amesimama juu ya paa anaongea na simu kwa utulivu. Anza kupembea katikati ya sentensi, na sauti inabadilika, pumzi zinamkatika. Siku nyingine zima muziki, usikilize hilo tu. Sisi tumeuza gemu kwa miaka mingi na bado linatufurahisha.

Waliokua na PS2 watakumbuka Spider-Man 2 ya mwaka 2004, gemu nyingine kabisa na ile ya kwenye karatasi ya mama, ile iliyokuwa ya kwanza kututia katika mji mzima na kufanya utando ushike majengo badala ya kushika hewa. Kaka zetu waliicheza kwenye vibanda vya gemu pale ambapo kila mtu mwingine alikuwa anacheza mpira. Kwa miaka 14 baada ya hapo hatukupata gemu ya Spider-Man iliyotupa tena furaha ile. Kwa hiyo sehemu ya kelele za 2018 ilikuwa kiu ya muda mrefu, na kiu hiyo ilikatwa kweli.

Jambo la pili linaloipa haki sifa zake ni hadithi. Peter hapa ana miaka 23, ameshakuwa Spider-Man kwa miaka 8, na maisha yamembana. Mchana anafanya kazi kwenye maabara ya Dokta Otto Octavius, mtu anayempenda kama mzazi. Shangazi May anafanya kazi kwenye kituo cha watu wasio na makazi. Kodi ya nyumba imemshinda, na siku moja anarudi chumbani anakuta ametolewa na vitu vyake vimechukuliwa na gari la taka. Anaokoa mji mzima na hana pa kulala. Hatutakuharibia yanayofuata kati yake na Otto, wala ya Shangazi May. Tunachoweza kusema ni kwamba tumeona vijana wakubwa wakimaliza gemu hii hapa hapa kwenye kiti cha majaribio na kukaa kimya dakika nzima kabla ya kuvua hedifoni.

Wazazi hutuuliza kuhusu ukatili. Kuna ngumi nyingi, lakini Peter haui mtu. Ukimpiga teke jambazi akaanguka kutoka paani, utando unamwahi na kumnatisha ukutani. Marekani imepewa alama ya T, yaani kuanzia miaka 13, na Ulaya imewekwa kwa miaka 16. Tunamwambia kila mzazi tarakimu zote mbili, kisha yeye ndiye anayemjua mtoto wake.

Sasa kasoro, maana duka linalokusifia kila kitu halikusaidii. Uhalifu wa mitaani unajirudia sana: wizi wa gari, ugomvi wa genge, gari lingine. Ukitaka kumaliza kila kitu kwa asilimia 100 utachoka. Kuna sehemu ambazo unacheza kama Mary Jane, rafiki wa Peter, au kama Miles, kijana anayekuja kuwa Spider-Man wa pili, bila nguvu zozote, unajificha nyuma ya masanduku ili walinzi wasikuone. Ni za polepole na zinakatisha raha ya kupembea. Tunaelewa kwa nini ziliwekwa, ili uone hofu ya mtu wa kawaida, lakini zingepunguzwa nusu. Na kabla gemu haijatoka kulikuwa na ugomvi mkubwa wa madimbwi: watu walilinganisha picha za maonyesho ya 2017 na za 2018, wakaona maji yaliyokuwa chini yamepungua, wakadai ubora umeshushwa. Kampuni ikasema ni ukubwa wa dimbwi tu uliobadilishwa. Ukicheza mwenyewe, dimbwi ndilo jambo la mwisho utakalolikumbuka.

Ya pili ni Miles Morales, iliyotoka tarehe 12 Novemba 2020 kwa PS4 na PS5. Ni fupi, saa 8 hadi 10 za kucheza hadithi yake zinatosha, na bei yake ya kwanza ilikuwa dola 49.99. Miles amehamia Harlem, ni kipindi cha Krismasi, theluji iko kila mahali. Vijana wengi wanaokuja hapa wanampenda kuliko Peter, na tunawaelewa: ni kijana mweusi anayelelewa na mama, anajifunza kazi ambayo mwingine ameifanya kabla yake, na mtaa wake unamchukulia kama mtoto wao. Kwa mtu mwenye muda mchache au anayemnunulia mtoto gemu ya kwanza, hii ni nzuri sana.

Ya tatu ndiyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mama. Marvel's Spider-Man 2 ilitoka tarehe 20 Oktoba 2023, bei dola 69.99, na ndani ya saa 24 ziliuzwa nakala milioni 2.5. Mji umeongezwa Queens na Brooklyn. Peter na Miles wana mabawa ya utando, unaruka kutoka Manhattan hadi ng'ambo ya mto bila kugusa chini. Sauti ya Venom, adui mkubwa wa gemu hii, ni ya Tony Todd, marehemu sasa, na ukiisikia kwa spika nzuri inatingisha kifua. Kwa kupembea na kupigana, hii imeipita ya kwanza.

Lakini sisi tunaiona hadithi yake inakimbizwa. Vazi jeusi linapomwingia Peter na kumbadilisha tabia, hapo ndipo ungetaka gemu ikae, imwonyeshe akiwaumiza wanaompenda kidogo kidogo. Badala yake mambo yanasukumwa haraka kuelekea mapambano makubwa. Kwenye The Game Awards ya 2023, tuzo za gemu za kila mwaka, iliteuliwa mara 7 na haikutoka na tuzo hata moja. Mwaka ule ulikuwa na washindani wakali, kwa hiyo hatuitumii hiyo kama hukumu, ila kwa bei yake mpya tunawaambia wateja: kama hujacheza ya kwanza, anza na ya kwanza.

Kwa nini ya tatu haikuwekwa kwenye PS4? Watu wanadhani ni ujanja wa kuuza mashine. Sababu kubwa iko kwenye diski ya ndani. PS4 inatumia diski ya kuzunguka, ambayo inasoma polepole. Ili mji uweze kutokea mbele ya Peter bila kukwama, vipande vingine vya data vya gemu ya kwanza vilirudiwa hadi mara 400 kwenye diski, ili mashine isihangaike kuvitafuta. Mwaka 2019 Mark Cerny wa Sony alionyesha gemu hiyo hiyo: kusafiri kutoka sehemu moja ya mji hadi nyingine kulichukua sekunde 15 kwenye PS4 Pro, na sekunde 0.8 kwenye mashine ya majaribio ya PS5. Mabawa yale ya 2023 yanahitaji kasi hiyo.

Sasa mambo ya kuangalia ukinunua, kwetu au kwingine. La kwanza, boksi la PS5 lililoandikwa Miles Morales Ultimate Edition. Ndani yake CD ni ya Miles peke yake. Ile Spider-Man ya kwanza iliyoboreshwa inakuja kama kikaratasi chenye msimbo (code) wa kuingiza kwenye akaunti, na msimbo unatumika mara moja. Ukinunua boksi hilo likiwa limetumika, ujue umenunua gemu moja, na bei iwe ya gemu moja. Sisi wenyewe tulipoanza biashara tuliwahi kununua kumi ya namna hiyo kwa bei ya gemu mbili kutoka kwa muuzaji wa jumla, na hasara ile ndiyo iliyotufundisha kufungua kila boksi mbele ya mteja.

La pili, ongezo la hadithi linalonunuliwa mtandaoni lazima lilingane na eneo la CD. Wengi hapa wana akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. CD ya Ulaya na ongezo la akaunti ya Marekani havisikilizani, na pesa ikishakatwa ni vigumu kurudi. Leta CD tukuangalizie kabla hujanunua. Na kama PS5 yako ni ile isiyo na sehemu ya kuingizia CD, tuambie mapema.

La tatu ni mashine yenyewe. Gemu ya kwanza inaifanyisha PS4 kazi nzito, na PS4 nyingi zinazoletwa kwetu hazijafunguliwa tangu ziliponunuliwa. Kwa vumbi na joto la Dar, feni inalia kama mashine ya kusaga, halafu mashine inazima katikati ya misheni. Tunaifungua, tunatoa vumbi, tunabadilisha dawa ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa, na unaichukua siku hiyo hiyo. Ukitaka, tunakuwekea SSD, diski isiyozunguka na inayosoma haraka, badala ya diski ya zamani. Haitakuwa PS5, lakini kusubiri kunapungua sana. Mwenye eneo ambalo umeme unakatika mara kwa mara, tafadhali weka UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika. Gemu inajisevu yenyewe, na umeme ukikatika wakati inasevu unaweza kupoteza wiki nzima ya kucheza.

Kila Jumamosi tunaacha PS4 moja na PS5 moja wazi. Unakaa nusu saa, unacheza unayotaka kununua, huna deni lolote ukiondoka bila kununua.

Yule mama alichukua ya kwanza, iliyotumika, tukaijaribu mbele yake na kuifunga kama alivyotaka. Januari, kabla kijana hajaanza kidato cha kwanza, walikuja wote wawili kuleta mashine isafishwe. Kijana akatuamkia, akasimama pembeni, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama Peter atapata chumba kingine, maana alikuwa amefika pale vitu vyake vilipochukuliwa na gari la taka. Kabla hatujajibu, mama akadakia: "Usimwambie. Na mimi naangalia."