Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho yetu ya DNA

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Tunakushukuru sana mgeni wetu kwa kuacha shughuli zako uje kutusikiliza. Mwaka huu tumechagua DNA, yaani vinasaba, manake mtaani ikitajwa watu wanawaza mtoto wa nani tu, kumbe kuna watu wametoka mahabusu kwa ajili yake.

Mgeni rasmi, DNA ya binadamu karibu yote inafanana, kwaiyo wataalamu hawasomi yote, wanaenda sehemu chache ambapo herufi zake, yaani kemikali nne zinazoijenga, A, T, G na C, zinajirudia rudia, GATA GATA GATA, mwingine mara 8 mwingine mara 11, na kila sehemu una namba mbili, moja ya baba moja ya mama. Mate kwenye kipisi cha sigara yanatosha, mashine inazinakili hizo sehemu, moja inakuwa mbili, mbili nne, mizunguko 28 hivi zimeshakuwa mamilioni, ndo zinapimwa urefu. Marekani tangu 2017 wanaangalia sehemu 20, zote zikilingana ni ngumu mno awe mtu mwingine, labda pacha wa kufanana.

Kilichotugusa zaidi ni kisa cha Uingereza. Profesa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua njia ya kwanza ya kumtambua mtu kwa DNA 1984, na maeneo ya karibu na hapo mabinti wawili walikuwa wameuawa, mmoja 1983 mwingine 1986, kijana wa miaka 17 akakiri kosa moja. Akakiri kabisa! Vipimo vikaonyesha muuaji ni mmoja na sio yeye, akaachiwa. Polisi wakapima wanaume zaidi ya 5,000, muuaji akamtuma mfanyakazi mwenzie akatoe damu kwa jina lake, huyo mwenzie akaja kuropoka baa, ndo muuaji akakamatwa 1987. Yaani DNA kabla haijamfunga mtu ilimfungua asiye na kosa.

Ila sampuli ikichafuka inadanganya. Ujerumani walimsaka mwanamke mmoja miaka na miaka, kila tukio DNA yake ipo, 2009 ikajulikana ni mfanyakazi wa kiwandani, alikuwa anashika vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli.

Hapa kwetu Tanzania kazi hii inafanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ina sheria yake ya 2009. Hatujawahi kufika maabara yake, ndo ombi letu la kwanza mgeni rasmi, usafiri wa wanafunzi 30 na walimu wawili. La pili ni glavu na darubini, tunayo moja na lenzi yake ina ufa.

Sasa karibu meza ya mbele, tumeponda ndizi na chumvi na sabuni ya vyombo, umwagie hiyo spiriti ya baridi taratibu, zile nyuzi nyeupe zitakazopanda juu ndo DNA yenyewe.