Mwanangu, nimesoma meseji yako ya saa nane usiku

Baba,

Unajua nakuita baba kwa sababu umebeba jina la babangu, basi leo nakuandikia nikiwaza nyinyi wawili. Meseji yako niliiona saa kumi na moja asubuhi nikiwasha sigiri ya makaa, nikaisoma tena sokoni, na saa hii nimefunga meza nimekaa kwa jerikeni naisoma tena, vidole vinanuka mukene, hawa dagaa wangu, kwa hivyo ukiona nimekosea herufi vumilia.

Tutoe la pesa njiani kwanza juu najua ndilo linakukaba. Ada ya muhula huu umeibeti yote. Sawa. Imeniuma, siwezi kukudanganya, kuna mama alikuja kununua nikampimia makopo mawili nikachukua pesa ya kopo moja, akanyamaza akaenda zake, na mimi nikagundua ameshavuka barabara. Hiyo ada tutaijua. Lakini kilichonikata maini ni ile laini ya mwisho, eti umeacha kusali tangu Februari, eti "nitamwambia Mungu nini na anajua kila kitu, hata wewe mama ungenijua vile niko ungenitoa kwa maombi yako".

Hiyo sentensi mwanangu naijua. Nimelala ndani yake miezi mitatu na wewe ulikuwa kitanda cha pili unakoroma.

Nianze mbali kidogo. Unajua nimekulia baraksi ya polisi Naguru kule Kampala, kwa zile nyumba za bati za mviringo ambazo watu waliziita mama ingia pole. Wewe umeziona tu kwa picha ukacheka. Mchana ni oveni, usiku ni friji, na katikati ni pazia, upande huu wazazi, upande huu sisi watoto sita. Ukipiga chafya jirani anasema afya. Baba akikosa mshahara baraksi nzima inajua kabla mama hajajua, na mtu akifumaniwa hapo hadi watoto wanaimba. Kwa hivyo mimi nilijifunza mapema sana kwamba kujulikana ni hatari, mtu akikujua amepata kitu cha kukupigia.

Halafu Jumapili tunasali, kwa Kiswahili, maana hapo kulikuwa na Mwacholi, Mteso, Mlugbara, Mganda, Msamia kama sisi, lugha moja ya kutukutanisha ilikuwa hiyo (watu wa Kampala walikuwa wanakiogopa eti ni lugha ya askari, lakini sisi ndicho tulichomlilia nacho Mungu, hawajui kitu hao). Na mwalimu wa kanisa alipenda sana Zaburi ya 139. "Ee Bwana, umenichunguza na kunijua." Baba, mimi mtoto wa polisi, neno kuchunguza kwetu lilikuwa na maana moja tu, wapelelezi wa CID wamekuja! Ukifika pale kwa "Niende wapi niukimbie uso wako" nilikuwa naona mtu anakimbia na afande yuko nyuma yake na tochi. Nilikua nikiamini hiyo ndiyo zaburi ya kutisha kuliko zote, na hakuna aliyeniambia kwamba aliyeiandika alimaliza kwa kuomba achunguzwe tena. Angalia mwenyewe, mstari wa 23, "unichunguze, uujue moyo wangu". Nani anaomba CID warudi?

Sasa hii sijawahi kukuambia. Ulipokuwa S.4, kidato cha nne, wakati wa kusajili mtihani, shule ilitaka pesa yote kabla ya Ijumaa na baba yako alikuwa hana kazi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba hapa sokoni. Unalijua lile sanduku, lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, huwezi kulifungua peke yako hata ukiwa mwizi hodari namna gani. Na sheria ni kwamba pesa haiguswi nje ya mkutano. Lakini watu ni watu, mtu anapita kwa meza yangu Alhamisi anasema mama shika hii ya mkopo wangu nisije nikaila, na mimi napokea, naandika kwa kadaftari, Jumanne inaingia sandukuni. Wiki hiyo haikuingia. Shilingi 180,000. Nilikulipia mtihani.

Tulia, sijakuambia ili ubebe. Ulikuwa mtoto, hukujua, na hata ningekuwa na shida ya dawa au ya kodi ningefanya vilevile, hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Miezi mitatu nikawa nahamisha, ya huyu nafunika nayo ya yule. Na kanisani ndiko nilikuwa naongoza nyimbo! Nilikuwa nasali sana kipindi hicho, uliza baba yako, lakini nilikuwa nasali nikizunguka, unaelewa? Kama mtu anayefagia uwanja akiruka pale mbwa amelala. Naombea wagonjwa, naombea wewe na mtihani wako, naombea mpaka rais, nikikaribia pale kwa sanduku nasema amina. Mwishowe hata hayo maombi yakaisha, nikawa napiga magoti nahesabu tu mpaka dakika zipite ili baba yako aone nimesali. Kwa hivyo ukiniambia tangu Februari huwezi, mimi hata sikushangai, bambi.

Kilichonifungua hakikuwa mahubiri. Ilikuwa asubuhi, moto wa makaa ulikuwa unagoma kushika, mvua ilinyesha makaa yakaloa, nikawa napepea na kifuniko cha ndoo nikilia moshi, nikakumbuka Petro. Unajua alimkana Yesu akiwa anaota moto wa makaa, Yohana 18. Na kule Yohana 21 wakitoka ziwani asubuhi wanakuta Yesu amewasha moto, tena wa makaa, na samaki juu yake. Mimi muuza samaki hiyo harufu ninaijua vile inakaa kwa nguo, Petro lazima ilimpiga tumboni. Halafu anaulizwa mara tatu, unanipenda? Ukitazama mara ya tatu Petro amehuzunika, na ushahidi hana. Atasema nini, eti nakupenda, na kila mtu hapo anajua alichofanya usiku ule? Basi anasema, "Bwana, wewe wajua yote, wewe umetambua ya kuwa nakupenda."

Nikaacha kupepea, maana mimi siku zote niliposikia anajua yote nilisikia anajua madhambi yote. Petro yeye analishika hilohilo neno analifanya shahidi wake. Kama unajua yote basi unajua na hili, ambalo mimi siwezi tena kulithibitisha, ambalo hata mtu wa karibu yangu akinitazama leo halioni. Yaani yule mwenye faili nzima ndiye peke yake anayeona kwamba faili haijaishia kwa ukurasa mmoja.

Sikiliza baba, wewe usiku ule ulikuwa unajisoma ukurasa mmoja. Wa beti. Tiketi baada ya tiketi, timu hii ikishinda narudisha, ile ikitoka sare narudisha, najua vile inaenda, vijana wa bodaboda hapa stejini wanafanya hivyo kila wikendi na wengine pikipiki zenyewe zimeenda. Mungu anaijua kila tiketi, sitakupunguzia. Lakini anajua pia yule mtoto aliyekuwa anapewa kabalagala tano, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga, za kwenda nazo shule na anarudi na mbili kwenye mfuko wa shati kwa sababu dada yake alikuwa bado hajaanza shule na alikuwa anamngojea mlangoni. Ulidhani nilikuwa sioni? Shati lilikuwa na mafuta kila siku, mimi ndiye nilikuwa nafua! Sasa kama mimi mama yako wa kuokoteza okoteza nimekaa na hiyo miaka yote, wewe unafikiri yeye anaona beti tu?

Na tena Mungu hasubiri mtu atengenezeke kwanza. Hajiri, yule mjakazi wa Sarai kwenye Mwanzo 16, anakimbia na mimba jangwani, malaika anamkuta kwenye chemchemi anamwita kwa jina, anamwuliza unatoka wapi unakwenda wapi. Ukisoma vizuri alijibu swali moja tu, la kutoka. La kwenda hakuwa na jibu, nusu ya jibu ilitosha. Na ni huyo huyo, mjakazi, mtoro, anayempa Mungu jina, "Wewe U Mungu uonaye mimi".

Haya, nirudi kwangu. Jumanne nikasimama kwenye kikundi nikasema. Bibi yako alikuwa wa Balokole, wale waliookoka, wa ule uamsho uliotoka Gahini Rwanda na hapa Uganda miaka ya 1930 ukasambaa, na wao hiyo ndiyo ilikuwa kawaida, mtu anasimama kwenye ushirika anataja alichoiba anarudisha hata kama ni kuku wa miaka kumi iliyopita, wanaita kutembea nuruni. Nilipokuwa mdogo nilimwonea aibu sana mama yangu kwa hayo mambo. Siku ile miguu ilivyokuwa inatetemeka nikamwelewa. Sasa usifikiri ilikuwa tamu, hapana, waliniondoa kwa uweka hazina, wakanipiga faini, nikalipa kwa miezi mitano, na kuna mama mmoja mpaka leo ukimpa chenji anaihesabu mbele yangu mara mbili akinitazama usoni. Watu wakikujua ni kama baraksi tu, wengine wanabeba wengine wanaimba. Lakini nilikuwa siogopi tena usiku. Nilikuwa nimeshajulikana pale juu kabla ya Jumanne, hao wa chini walikuwa wanapata habari ya zamani. Nililala siku hiyo mpaka baba yako akaniamsha.

Baba yako bado hajui yako. Sitamwambia, utamwambia mwenyewe, mimi nitakaa pale kwa mlango kama sina habari. Atapiga kelele, unamjua, halafu atatoka nje atakaa chini ya mwembe nusu saa, akirudi atauliza kama umekula. Ya kwake ni hivyo.

Na kusali, usianze na maneno makubwa. Kama maneno hayatoki sema tu ile ya Petro, wewe wajua yote. Ni ya kweli, ni fupi, na huhitaji kueleza kitu maana ameshakijua. Ukikwama hapo kaa hapo hapo. Mimi nilikaa hapo karibu wiki mbili nikisema hiyo moja tu.

Sasa njoo nyumbani Ijumaa. Panda takisi za Busia, ukae upande wa dirisha maana ukipita Iganga joto linakuchefua, tangu mdogo. Nauli sikutumii kwa simu, usinune, unajua kwa nini na mimi najua kwa nini. Mwambie konda mama atalipa ukifika, nitakuwa stejini na pesa mkononi kuanzia saa kumi. Kama gari limechelewa nitangoja tu, nina kitu cha kufanya, nitakuwa nachambua mukene.

Ndizi za kabalagala nimeshaziweka ziive.

Mama