Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kawi: Upepo wa Lamu Uanze na Hati ya Ardhi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Hindi, Kaunti ya Lamu. Nakuandikia wakati upepo wa kusi umeshika. Tangu alfajiri minazi imelalia upande mmoja, na mashua nyingi zimefungwa kwa sababu nje ya mwamba bahari haiingiliki. Marehemu babangu alikuwa mvuvi wa Faza, na miezi kama hii ndiyo iliyokuwa miezi ya madeni nyumbani kwetu: unga kwa mkopo, sukari kwa mkopo, mpaka kusi ipungue na maji yatulie. Upepo huo huo unaotufungia bahari ndio ambao watu wa miradi wamekuwa wakija kuupima na kuusifu. Wanasema Lamu ina upepo wa kutosha kuwasha maelfu ya nyumba. Hilo halikuhitaji kipimo. Wazee wetu walikwenda Basra na Maskati kwa upepo huu na wakarudi kwa upepo wa kaskazi.

Naandika kwa sababu nasikia tukisemwa kwamba watu wa Lamu ni wapinga maendeleo, kwamba tulifukuza makaa ya mawe na sasa tunasumbua hata upepo. Si kweli, na ningependa ulisikie hilo kutoka kwetu kabla hujalisikia tena ofisini.

Makaa ya mawe tuliyakataa, naam. Mtambo wa umeme wa megawati 1,050 ulitakiwa ujengwe Kwasasi, hapa hapa Lamu, na makaa yenyewe yangeanza kwa kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi ule, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika mikutano ile ya kupinga, niliwasikia watu wakiuliza waziwazi: kwa nini tuletewe moshi wa nchi nyingine ilhali tuna upepo na jua la kwetu? Swali hilo lilitoka kwa wavuvi na akina mama, halikuandikwa na mtaalamu yeyote. Kwa hiyo mtu akikwambia Lamu haitaki vinu vya upepo, muulize alikaa baraza gani akayasikia hayo.

Tunajua pia mafuta ya kigeni yanatugharimu nini, pengine kuliko wengi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimama 2013, na tangu hapo kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini inaingia ikiwa imeshasafishwa kwingine. Tangu 2023 serikali inayanunua kwa mkopo kutoka kampuni za Saudia na Falme za Kiarabu. Kila tarehe 14 ya mwezi tunakaa karibu na redio kusubiri bei mpya. Septemba 2023 lita ya petroli Nairobi ilifika Sh211.64. Sasa piga hesabu ya mvuvi wa Kizingitini au Kiunga, ambaye mafuta yanamfikia kwa madumu, yamepita barabara na maji, na kila mkono ulioyagusa umeongeza chake. Anayatia kwenye injini ya mashua, anakwenda, bahari haimpi kitu, anarudi na deni. Kijana akiona hivyo mara tatu, nne, anauza injini anunue bodaboda, ambayo nayo inakunywa petroli ile ile.

Nayajua mabishano yako kabla hujayasema. Kinu cha upepo hakitii petroli kwenye mashua. Ni kweli, na sitaki kuwadanganya jirani zangu kwamba vinu vikisimama bei ya pampu itashuka siku ya pili. Nchi yetu inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mafuta mengi yanaishia barabarani. Lakini chukua risiti ya tokeni ya stima, ya shilingi mia mbili tu, uisome mstari kwa mstari. Kuna gharama ya mafuta pale, na kuna marekebisho ya fedha za kigeni. Mama muuza mahamri anailipa bila kujua ni ya nini. Ile ya mafuta ni ya mitambo inayoyachoma pale Mombasa jioni stima ikihitajika zaidi, na ya jenereta za dizeli katika sehemu ambazo laini kuu ya taifa haijafika.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, Mheshimiwa, kwa sababu sehemu hizo nyingine ni kwetu. Faza, mji aliozaliwa babangu, umewashiwa taa kwa dizeli. Kiunga hali kadhalika. Dizeli inavushwa bahari ili ichomwe katika miji ambayo upepo unaezua mapaa yake. Kila nikishuka pale gatini nikaona mapipa yakiteremshwa, na bendera ya mashua inapepea mpaka inachanika, moyo unaniuma.

Umeme wa namna hiyo hautoshi kugandisha barafu, na barafu ndiyo kila kitu kwa mvuvi. Msimu wa kaskazi, bahari ikiwa nzuri, samaki wanapatikana hata wanazidi. Tatizo ni saa zinazofuata. Asiye na barafu hana sauti mbele ya mnunuzi; mnunuzi anajua kufika adhuhuri yule nguru atakuwa ameanza kulainika, basi anangoja. Babangu aliuza samaki wazuri kwa bei ya kutupa maisha yake yote, si kwa kukosa kujua bei, ila kwa kukosa mahali pa kumlaza samaki usiku mmoja. Watu wa stima wana shida ya upande wa pili: upepo unavuma usiku wa manane wakati nchi imelala na haina matumizi nao, na vinu vya Ziwa Turkana vimewahi kupunguzwa usiku kwa sababu hiyo. Basi upepo wa usiku ugandishwe. Tani ya barafu iliyotengenezwa saa nane za usiku ni upepo uliowekwa ghalani, na asubuhi mvuvi anaondoka nao kwenye mashua. Hakuna betri ya kuagizwa ng'ambo hapo. Na siku injini za mashua na bodaboda za umeme zitakapofika kwa bei ya watu wa chini, usiku huo huo utazichaji, na hapo ndipo petroli itakapoanza kupungua kwa kweli.

Sasa nije kwenye ardhi, ambayo ndiyo sababu ya barua hii.

Miaka kadhaa iliyopita niliamka nikakuta mawe ya mipaka yamepandwa katikati ya shamba letu la simsim. Hakuna aliyebisha hodi. Majirani wawili walikuta yao kwenye mikorosho. Tulipouliza, tukaambiwa ardhi ni ya serikali na imeshatengewa mradi. Tulipouliza mradi gani, hatukujibiwa. Baadaye mawe yale yakaachwa vivyo hivyo, mradi haukuja, na mpaka leo nalima nikiyazunguka. Sitaji jina la mtu wala la kampuni, kwa kuwa sitafuti ugomvi. Nataka ujue tu kwamba mwanzo wa namna ile hausahauliki. Mwenye kuja na neema angepita mlangoni.

Watu wengi wa Lamu bara hawana hati. Si kwa uzembe. Ardhi ya mwambao ilihesabiwa kuwa ya Sultani, ikawa ya Malkia, ikawa ya serikali, na aliyekuwa akiilima wakati wote huo hakuandikwa popote. Kwa hiyo kampuni ikija na karatasi kutoka Nairobi, sisi tuna makaburi ya babu zetu na miti waliyoipanda, na mahakamani karatasi ndiyo inayosikizwa kwanza. Kule Baharini, upande wa Mpeketoni, mradi wa upepo wa megawati 90 umezungumzwa kwa miaka mingi. Wenye mitaji wakafikishana mahakamani wakigombea ardhi, na wakulima wamekaa hawajui wapande miembe au wangoje fidia. Ukipanda mwembe unapanda miaka. Nani atapanda?

Na bandari ya Lamu pia imetufunza. Ujenzi wake ulizinduliwa 2012, na ilikuwa 2018 ndipo Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe Sh1.76 bilioni kwa bahari waliyopoteza. Hata baada ya hukumu walisubiri tena. Wengine walikufa wakisubiri, na hao niliwazika mimi pamoja na wenzangu.

Hatuko peke yetu. Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, vimesimama vinu 365 vyenye uwezo wa megawati 310, mradi mkubwa kweli na wa kujivunia. Lakini vinu vilimalizika kabla ya laini ya kilomita 428 ya kwenda Suswa, na Mkenya akatozwa mabilioni kwa umeme ambao haukuwa umemfikia. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba ekari 150,000 za mradi ule zilipatikana kwa njia isiyofuata sheria. Wafugaji wa pale wanaona nyaya zikipita juu ya manyatta zao kuelekea kusini. Kinangop nako, vinu 38 vilivyopangwa havikusimama kabisa. Wakulima waliandamana, na kufikia 2016 wawekezaji walikuwa wamekunja virago. Walioandamana walikuwa wakiuliza maswali yale yale ya kwetu: ardhi yangu itakuwaje, na mimi nina nini ndani yake?

Linganisha na Kipeto, Kajiado. Vinu 60, megawati 100. Pale ardhi ilibaki ya wenyewe. Kampuni iliikodi kwa familia, ng'ombe wanaendelea kulisha chini ya vinu, wenye ardhi wanalipwa kodi pamoja na sehemu ya mapato, na jamii ina asilimia 5 ya hisa. Hata ndege tumbusi waliwekewa watu wa kuwaangalia, wakikaribia sana kinu kinasimamishwa. Sisemi Kipeto hakuna malalamiko, maana pesa zikiingia mahali maneno hayakosi. Lakini Mmasai wa Kipeto akikitazama kinu anatazama kitu ambacho kina fungu lake. Mimi nikiyatazama yale mawe kwenye simsim sioni fungu langu.

Tena hili si la hisani ya mwekezaji, ni la sheria, na sheria unaweza kuisukuma wewe. Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha, yaani malipo ya kuvuna maliasili, kwa mvuke wa ardhini na ikaugawa: asilimia 75 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali. Upepo haukuwekewa mgao kama huo. Kwa nini? Mvuke wa Olkaria una wenyewe, upepo wa Lamu hauna? Mswada wa kugawana faida za maliasili umezunguka bungeni mpaka watu wameacha kuuulizia. Ukiwa na nia, kifungu kimoja kinatosha.

Usidhani sote tuna neno moja. Katika baraza ninayokaa baada ya Alasiri kuna kijana aliyesomea ufundi wa umeme, hana kazi, na kwake kila siku vinu vinapochelewa ni siku ya umri wake inayopotea. Hataki kusikia habari za Sultani. Kuna mzee anayeamini vinu vitafukuza mvua, tumemweleza, hajakubali. Wako wanaohofia watalii wataona minara kabla ya kuiona Lamu yenyewe, nami hofu hiyo naielewa, ingawa vinu vikikaa bara, mbali na mji wa kale, nadhani macho yatazoea. Na kuna dada mmoja mkaanga samaki aliyetuuliza swali ambalo hakuna mwanamume pale aliyekuwa nalo: kodi ya kukodisha ardhi italipwa kwa jina la nani, na mjane je? Naliweka mbele yako kama alivyolisema.

Ninachokuomba ni mpangilio. Mpima wa ardhi wa serikali atangulie, aandike kila mkulima na shamba lake, hati zitoke, za wanawake pia. Baada ya hapo mwenye mtaji aje kukodi kwetu, si kutuhamisha. Mkataba usomwe barazani kwa Kiswahili, nakala ibaki kwa mzee wa mtaa, na ndani yake iandikwe kwamba kabla umeme wa Lamu haujapelekwa mbali, Faza na Kiunga zimetolewa kwenye dizeli na kila gati kubwa la wavuvi lina mtambo wa barafu. Na kodi ilipwe miezi ya kusi, Juni hadi Agosti. Hilo la mwisho huenda likakuona dogo, lakini ndiyo miezi ambayo vinu vitazunguka kwa nguvu zaidi na nyumba za wavuvi hazina kitu jikoni. Babangu angelielewa mara moja.

Njoo mwenyewe, Mheshimiwa, na uje sasa, kusi haijapungua. Kutoka mjini Lamu tutakuvusha Mokowe kwa mashua, kisha Hindi ni mwendo mfupi kwa gari. Nitakuonyesha yale mawe, bado yapo, na simsim imeota kuyazunguka. Lete na ramani ya mradi wowote ulio mezani kwako, tuitandike chini pale barazani, kila mtu atafute shamba lake.

Wako mtiifu,
Mkulima, mwana wa mvuvi,
Hindi, Lamu Magharibi.