Barua kwa Zuhura, kabla hujainunua ile Suzuki

South B, Nairobi

Kwako mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Julai imetushika barabara; koti linavaliwa asubuhi na halivuliwi mpaka wakati wa kulala.

Barua yako nimeipata pamoja na picha za ile Suzuki SJ410 ya Mtwapa. Nimefurahi, maana najua njia ya kutoka Ganze kwenda shambani kwenu inavyokuwa mvua ikishika, na najua umebeba miche kichwani na kwa bodaboda muda mrefu mno. Unaniuliza kama shilingi 380,000 ni bei ya haki. Siwezi kukujibu kwa picha hizi, Zuhura. Zote zinaonyesha rangi, na rangi ndiyo kitu cha mwisho kununuliwa kwenye gari la namna hii. Hakuna hata moja iliyopigwa chini ya gari, na gari lenyewe liko huko chini.

Aina umechagua vizuri, hilo nakuunga mkono. Suzuki walianza kuitoa SJ410 mwaka 1981, na ni gari la mtu anayepita njia mbovu kweli. Uzito wake haufiki tani moja, kwa hivyo hata ikizama matopeni watu wanne wanaisukuma ikatoka. Ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja ni chuma kizima, springi ni za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na injini yake ya cc 970 inatumia kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, ambayo fundi yeyote aliyekaa chini ya mwembe ataifungua na kuifunga. Kompyuta haimo. Vipuri navyo havijaadimika, kwa sababu Maruti Gypsy ya India ilitokana na gari hilihili na vitu vingi vinaingiliana.

Lakini kumbuka magari haya hayaji tena. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo zilizopo ni zilezile, zinapita mkono hadi mkono. Kila aliyeimiliki ameacha kitu chake humo: huyu kachomelea, yule kabadilisha waya, mwingine katia injini ya gari jingine. Ndiyo maana nakuomba uanze na chesisi kabla ya kuuliza lolote lingine.

Chesisi ni ile mihimili miwili ya chuma inayotoka mbele hadi nyuma, bodi yote imefungwa juu yake kwa bolti. Injini ikifa unatia nyingine. Viti, taa na turubai ni vitu vya kununua dukani. Chesisi ikioza huna gari, una vipuri vilivyokaa pamoja. Na ninyi huko mnaishi na chumvi. Upepo wa bahari na zile safari za ufukweni wanazopenda vijana, maji ya chumvi yanaingia ndani ya mhimili na kukaa humo yakila chuma polepole, huku nje kunang'aa. Gari la Mtwapa lililopakwa rangi mpya juzi linanitia wasiwasi kuliko gari la Narok lililochakaa na vumbi lake.

Fanya hivi. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu, uivike soksi ili isikwaruze, kisha uipitishe taratibu kwenye milango, chini ya madirisha, na juu ya magurudumu. Kwenye bati itanata. Ikiteleza na kuanguka, hapo pana puti nene, ule udongo wa kuziba bati, na chini ya puti huenda kuna shimo. Inua makapeti ya ndani, uguse sakafu miguuni pa dereva. Halafu ulale chini kabisa, au umlaze fundi unayemwamini, mwangalie pale springi zinaposhikiliwa na pale boksi la usukani lilipofungwa. Kiraka kwenye sakafu si kesi. Kiraka juu ya kiraka kwenye kishikio cha springi, rudisha funguo, shukuru, nenda zako.

SJ410 yangu mimi niliikagua na Baba Shiro, fundi wangu wa siku zote. Ilikuwa Ngong kwa mzee mmoja aliyeitumia kubebea nyasi za ng'ombe, anataka shilingi 320,000. Rangi ilikuwa imekwisha, turubai limechanika, kiti cha abiria ni waya tupu. Baba Shiro hakuvitazama hivyo hata kidogo. Alitandika gunia, akaingia chini, akaanza kugonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele kwenda nyuma, amefumba macho anasikiliza. Chuma kizima hulia, ngi, ngi, ngi. Alipokaribia springi ya nyuma ya kushoto mlio ukawa du. Akaomba bisibisi, akachokoa, na kutu ikamwagika kifuani kwake kama unga wa muhogo. Sehemu iliyooza ilikuwa upana wa kiganja changu, kwingine kote kulikuwa kuzima. Tukamwonyesha mzee, akapunguza bei bila ugomvi, nasi tukaichukua. Kipande kile kilikatwa chote kwenye karakana za Kariobangi Light Industries, pakachomelewa bamba jipya, na ndani ya mhimili tukamwagia oili nzito ili kutu isirudi. Hapo ndipo nilipoanza kuihesabu kuwa ni gari langu.

Kuhusu matengenezo, shemeji atataka magurudumu makubwa na taa za juu, wanaume wa gari hizi wote hutaka hivyo. Mwambie asubiri. Magurudumu makubwa kwenye injini ya nguvu za farasi 45 yanaifanya ichoke mlimani na kuchosha breki, na kwanza kuna mambo ya uhai.

La kwanza ni mtetemeko wa mbele. SJ410 iliyochoka, ukifika kasi ya kilomita 60 au 70 kwa saa ukakanyaga kishimo, usukani huanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu mpaka utoe mguu kwenye mafuta. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kubalansi magurudumu, na tatizo linabaki. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi za gurudumu zimelegea, au zile ndogo mbili zilizo juu na chini ya kifundo ambacho gurudumu hugeukia zimekwisha. Kisha ulishike kushoto na kulia. Likicheza hapo, ni tairodi, ile fito inayogeuza magurudumu. Beringi zile ndogo bei yake si kubwa, lakini kazi yake ni ya subira, kwa sababu fundi lazima afungue habu yote, asafishe grisi kuukuu iliyochanganyika na mchanga, apange upya, apime ugumu wake kabla ya kufunga. Kaa naye. Ukimwona anapaka grisi mpya juu ya ile ya zamani, msimamishe.

La pili ni rejeta, inayopoza maji ya injini. Mimi huenda Oltepesi kununua asali, na barabara ya Magadi ndiyo iliyonifundisha jambo hili. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Magadi ni kama mita 600, na kati yao kuna ule mteremko wa Kona Baridi. Kushuka ni raha. Kurudi na madebe ya asali, jua la saa nane mgongoni, gia ya pili, ndipo injini inaposema ukweli wake. Nilikuwa nimeitoa rejeta ikafunguliwa juu na chini na kusafishwa mirija, nikatia themostati mpya, ile vali inayoongoza maji kulingana na joto, na mipira mipya ya maji, na sindano ya joto haikupita katikati. Watu hutoa themostati na kuitupa wakidhani wanasaidia. Injini ikikosa themostati haipati joto lake sawasawa, inakula mafuta na kuchakaa mapema. Kwako Ganze hakuna mlima wa namna ile, ila joto lipo mwaka mzima, na mwendo ni wa polepole ambapo upepo hauingii vya kutosha.

Unapolikagua gari, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa baridi. Ukiona ute wa rangi ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili, gasketi ya juu imekwenda au hedi, kile kichwa cha injini, imepinda. Mwenye gari akiwa ameliwasha kabla hujafika, kaa, piga gumzo mpaka lipoe, uliwashe mwenyewe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta kuzidi, na mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji.

Ukiamua kununua gari la bara, na mimi ningependa ufanye hivyo, jua kwamba kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya Nairobi itahitaji kurekebishwa ikifika pwani. Hewa huko ni nzito zaidi, mafuta yanakuwa machache kulingana nayo, na injini inapata moto kuliko kawaida. Ni kazi ndogo, mkumbushe tu fundi.

Breki: SJ410 za mwanzo zina breki za dramu, si za diski, magurudumu yote manne. Badilisha mipira ya silinda zote kwa pamoja na utie maji mapya ya breki. Ukivuka mto, kanyaga breki kidogokidogo huku ukienda mpaka zikauke, maana dramu ikiingia maji haishiki.

Vipuri niachie mimi. Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wote bado wanaiita Grogan, ina kila kitu, ila haitaki mtu wa kubahatisha. Mimi huenda na kipuri kilichochakaa kwenye mfuko, nakiweka kaunta kando ya kipya, nahesabu meno, napima upana, ndipo tunaanza kuzungumza bei. Fundi wako akikutajia kipuri kwa jina tu, mwambie akufungulie, ukipakie kwenye basi la usiku. Asubuhi nitakuwa nacho mkononi.

Karatasi usizifanyie haraka. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma isomwe kwa macho yako na ilingane na ya logibuku, hati ya umiliki, na ya injini vilevile. Tafuta rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla hujatoa hata shilingi, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa humo. Anayekuuzia awe ndiye huyo. Akisema gari ni la binamu yake aliyeko Uarabuni, asubiri binamu arudi. Pesa zote zisitoke mpaka uhamisho wa umiliki umekubaliwa na pande zote mbili.

Na ukishakuwa nalo, usiendeshe kwa nguvu ya magurudumu yote manne kwenye lami kavu. Gari hili halina difu ya katikati, ile gia inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti, kwa hivyo mbele na nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa hata kwenye kona, na nguvu hiyo inaishia kwenye gia na propela. Iache 2H, nguvu ya magurudumu mawili tu, barabarani. Njia ikianza mchanga au utelezi, weka 4H, yote manne kwa mwendo wa kawaida, kabla hujakwama. 4L, yote manne kwa gia nzito, ni ya kupanda pabaya na kujinasua, taratibu, bila kukanyaga mafuta kwa hasira. Kwenye mchanga mzito punguza upepo wa magurudumu, ila uwe na pampu ya kuurudisha.

Zuhura, nalipenda gari hili kwa moyo wangu wote. Limenifikisha kwa kina mama wa Oltepesi ambao zamani walitembea na madebe mpaka lami kunisubiri, sasa mimi ndiye ninayefika mlangoni kwao. Nataka na wewe ulipate lililo zima, lisiwe la kukulaza njiani na miche ikinyauka.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa nitumie picha nyingine: chini ya gari kutoka nyuma, kishikio cha kila springi, boksi la usukani, sakafu kapeti likiwa limeinuliwa, na namba ya chesisi. Muuzaji akikataa kupigwa picha hizo, mwache. Baba Shiro anamjua mtu wa Kiserian anayeuza yake, ya mwaka 1988, bluu, haijawahi kuona bahari. Nimeomba itusubiri mpaka nipate jibu lako.

Msalimie sana Mama, na umwambie asali yake iko njiani.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi