Uko unajenga ukuta? Tuite mbele ya mafundi

Sisi tunahamisha miti ya maua, na kiangazi kikianza hapa Goma watu wanatupigia simu kila siku: "Kesho mafundi wanapiga ukuta, mukuje leo mututolee rozi na bugenvilia, hatutaki zife." Tunaelewa kabisa, maua umeyalea miaka mingi inauma kuyaona yanapigwa pioshi. Lakini ni haki yenu kujua mbele mulipe: muti wa maua wenye umekomaa, ukitolewa ghafla katikati ya mwezi wa saba, mara nyingi unakauka.

Shida iko kwa mizizi. Ile minene munaona karibu na shina kazi yake kubwa ni kushika muti na kuweka akiba, maji inaingia sana kwa vile vizizi vyembamba kama uzi, na vingi viko mbali kule kwenye ncha. Sasa ukichimba karibu na shina umeviacha vingi kwa udongo, na huku juu majani yanaendelea kupoteza maji kwa jua.

Halafu sisi huku tuko na mawe. Parseli zenye lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipita, udongo ni ule tu watu walileta na kamyo wakamwaga juu. Mzizi ukikuta jiwe unatembea kando, unatafuta ufa, unaingia humo na kunenepa humo humo. Mutu akivuta kwa nguvu, ngozi ya mzizi inachubuka yote, inabaki kitu cheupe chenye kuteleza mkononi, na hicho hakiponi tena. Ndiyo maana vijiwe vidogo vyenye mizizi imeshika sisi hatuvibandui, vinahama pamoja na muti.

Kwa hiyo tuite wiki sita ao nane mbele ya siku ya kutoa muti. Tunakuja kuchimba mufereji mwembamba kuzunguka muti, tunakata mizizi na beshi (sepeto) yenye makali, tunarudisha udongo laini wenye mboji, nyinyi munamwagilia. Vizizi vipya vinaota karibu na shina. Mvula ya mwezi wa tisa ikishika vizuri, tunapunguza matawi kama moja kwa tatu, tunatoa muti jioni na udongo wake, tunaufunga kwa gunia, tunaupanda kina kile kile ulikuwa nacho. Mbolea mbichi ya ng'ombe hapana, inachoma mizizi. Ukikosa mwezi wa tisa, mvula ya mwezi wa tatu pia ni nzuri.

Maua ya agapanti na kana hayana mambo mengi, toa fungu lote, ligawanye, panda, hiyo hata bila sisi utaweza. Lakini bugenvilia ya zamani yenye imeingia ndani ya ufa wa lava hiyo kazi tunaikataa, afadhali tukate matawi tuyaoteshe kwa mifuko, utapata maua ya rangi ile ile bila kupoteza pesa.

Na tukisha kuupanda, majani yakianguka musiogope, musimwage maji kila saa, mizizi itaoza. Ingiza kidole kwa udongo kwanza, kama bado kuko unyevu uache. Kwaruza gamba kidogo na ukucha: kukiwa kijani ndani, muti uko mzima.

Ukituandikia tuma picha ya shina, picha ya mahali muti utaenda, na siku mafundi wanaanza.